Tope Lenye Majina Matatu

Alhamisi ile mchoraji aliichora nyumba ya mkwewe kwa penseli ngumu, ukubwa wa punje ya mchele. Kisha akapitisha mstari wa bluu chini yake.

Alikuwa na miaka kumi na mmoja katika ofisi ya miamba na udongo, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kupima chochote. Wapimaji walikuwa wengine, kila mmoja na elimu yake na kiburi chake. Yeye aliletewa walichoandika, akakaa kwenye meza iliyo karibu na dirisha lisilofunguka, akayageuza maneno yao kuwa picha. Mkuu wa kitengo, mzee aliyetembea na miwani moja usoni na nyingine shingoni, aliiita kazi hiyo maelezo ya mseto.

"Kitu kikubwa hakielezwi na mtu mmoja," alipenda kuwaambia wageni. "Hata chembe moja ya mwili wako, hakuna aliyeiona nzima ikiwa kazini. Huyu kaona ukuta wake, yule kapima chumvi, mwingine kahesabu kinachoingia na kinachotoka. Wenye nyota ni hivyo hivyo. Wenye nyuki hivyo hivyo. Unayakusanya maelezo, unayapatanisha, ndipo umbo linajitokeza."

Wageni walitikisa vichwa kwa heshima. Kisha waliutazama mchoro. Aliyeuchora hawakumtazama.

Safari hii kitu kikubwa kilikuwa mlima ulioegemea mji. Kabatini mlikuwa na mafaili matatu ya watu waliowahi kuutoboa kuchunguza udongo, kila faili na zama zake. Wa kwanza waliandika kwamba mita tisa chini walikuta tope la bluu. Wa pili, upande mwingine, walikuta udongo wa sabuni. Wa tatu walikuta mfinyanzi laini wenye maji mengi. Miaka ishirini mafaili hayo yalilala kwenye droo tatu tofauti na hakuna aliyeshughulika nayo. Mchoraji alikwenda stoo, akafungua masanduku ya sampuli yaliyojaa vumbi, akalowesha vidole, akasugua. Lilikuwa tope moja. Watu watatu walilipa majina matatu.

Akaongeza ya wengine. Bwana Miti, mtaalamu wa misitu, alikuwa ameandika kwamba miti ya juu ya barabara imepinda shinani kama mipini ya bakora. Bwana Maji alikuwa na orodha ya mabomba yaliyopasuka, saba kwa miaka miwili. Mchoraji alipoyatia nukta kwenye ramani, nukta zilijipanga kama watu kwenye foleni. Alizipandanisha karatasi zake nyembamba, moja juu ya nyingine, akaziinua dirishani ili mwanga upite. Akaliona umbo. Ubavu mzima wa mlima ulikuwa umekalia kijiko cha tope, na kijiko kimeinama. Kwenye mdomo wa kijiko zilikuwapo nyumba kumi na tisa. Ya kumi na nne ndiyo aliyolala yeye, mumewe, binti yao na mama mkwe.

Mkuu alipouona mchoro alivua miwani, akavaa ile nyingine.

"Nani ameuona?"

"Hakuna."

"Ibaki hivyo mpaka usainiwe."

"Utasainiwa lini, mzee?"

"Hilo si swali la mchoraji."

Alipofika nyumbani alikuta lori linashusha kokoto mlangoni.

*

Nyumba ilikuwa ya marehemu baba mkwe, vyumba vinne na ua. Mwanawe wa kwanza hakuishi hapo, lakini neno lake ndilo lililokaa kichwani mwa meza. Mtaa mzima ulimwita Tajiri. Utajiri wenyewe hakuna aliyeuona. Kilichoonekana ni suruali iliyopigwa pasi na simu mbili. Mwaka huo Tajiri alikuwa ameamua nyumba ya baba yake iote ghorofa. Alikwishapokea kodi ya miezi sita kwa wapangaji wanne wa vyumba ambavyo bado vilikuwa hewani. Nondo zilikuwa zimesukwa, nguzo za mirunda zimesimama, na Jumamosi ya wiki iliyofuata zege lilikuwa limwagwe.

Mdogo wake, mume wa mchoraji, alikuwa fundi wa kuchomelea vyuma. Mpole, mzito wa maneno, mwepesi wa kumtii kaka. Mkewe alimkuta uani ananawa mikono.

"Baba Kipusa, lile zege lisimwagwe."

"Kwa nini?"

Akamweleza. Alieleza vizuri, polepole, kama anavyopaswa kuelezwa mtu anayejua vyuma na hajui udongo. Maji yakaendelea kumtiririka mumewe viwikoni.

"Una uhakika?"

"Mchoro unasema hivyo."

"Mchoro," alisema mumewe, kama mtu anayetoa mwiba wa samaki mdomoni. Yeye hakuwahi kumficha kaka yake jambo, na hakuanza siku hiyo.

*

Jumapili waliitwa sebuleni. Tajiri alikalia kiti cha marehemu, mama mkwe kando yake na khanga amejifunga kifuani kama mtu anayetaka kupigana. Mchoraji alikaa kwenye kigoda. Alikuwa na nakala ya mchoro mapajani, imekunjwa vizuri.

"Shemeji," alianza Tajiri, akitabasamu, "nimesikia umeshuka chini ya ardhi."

"Sijashuka, shemeji. Nimesoma maandishi ya walioshuka."

"Sawa. Hebu tuwaulize walioshuka. Hao wachimbaji wamesema nyumba ya baba itaanguka?"

"Hapana."

"Huyo wa miti, amesema?"

"Hapana. Yeye anajua miti."

"Wa mabomba?"

"Hapana."

"Basi nani kasema?"

"Wote kwa pamoja."

Tajiri alicheka mpaka akajipiga paja. "Mama, umesikia? Mmoja mmoja hawakusema. Wote kwa pamoja wakasema, ila aliyesikia ni mkeo huyu tu, bwana mdogo!"

Mumewe alitazama vidole vyake.

Mchoraji alifungua karatasi sakafuni. Alionyesha tope, miti, mabomba, akaonyesha ile punje ya kumi na nne. Sauti yake ilikuwa ya ofisini, na aliisikia mwenyewe jinsi ilivyokauka. Mama mkwe hakuinama kutazama.

"Marehemu aliijenga nyumba hii kwa mgongo wake," alisema. "Tofali alibeba yeye, maji nikachota mimi. Wewe umeingia humu na sanduku moja, tena kufuli lake bovu. Leo unatuambia tutoke?"

"Mama, sijasema tutoke leo. Nasema tusiongeze mzigo juu."

"Anayekuambia usijenge anakuambia uhame. Tangu umekuja macho yako yako nje. Ulitaka umtoe mwanangu mkapange huko mbali, usinione. Ungesema tu. Mlima umekukosea nini?"

"Kikulacho ki nguoni mwako, Mama," alisema Tajiri. Aliiokota nakala, akaikunja mara mbili, mara nne, akainama na kuisukuma chini ya mguu mfupi wa meza. Akaitikisa meza. Ikatulia. "Afadhali. Hapo imepata kazi."

Mumewe aliinama kama anayetaka kuichomoa. Akajikuna mguu tu.

Toka siku hiyo mama mkwe hakusema naye tena moja kwa moja. Maneno yalipitia kwa Kipusa, binti yao wa miaka saba aliyefurahia kutumwa. "Kamwambie mama yako, mtaalamu wa matope, chumvi imekwisha." "Kamuulize mama yako kama udongo wake umemwambia leo ataosha vyombo au hataosha." Na kwa kuwa ukuta wa jirani ulikuwa mwembamba kuliko siri, kufikia Jumanne mtaa wote wa juu ulijua. Bombani wanawake walimpisha. Hawakumpisha kwa heshima. Walipisha kama watu wanavyompisha mwenye upele. Mmoja, ambaye mumewe alikuwa akitafuta mnunuzi wa kiwanja, alimwagia maji miguuni, akasema, "Samahani, mlima umenisukuma."

*

Jumatano aliitwa chumba cha mikutano. Mkuu alikuwapo, Bwana Miti alikuwapo, Bwana Maji pia, na mchimbaji mzee aliyewahi kuongoza lile kundi la tope la bluu. Kwenye kiti cha wageni, miguu amekunja, alikaa Tajiri. Alikuja na wenye nyumba wawili na barua yenye sahihi kumi na tano.

"Kuna mchoro ambao haujasainiwa na tayari unazungumzwa bombani," alisema Mkuu. "Wananchi wanalalamika thamani ya mali yao inashuka. Tujue msimamo wa wataalamu. Bwana Miti?"

"Mimi niliandika miti imepinda," alisema Bwana Miti. "Miti hupinda. Upepo, mbuzi, mambo mengi. Sikuandika neno mlima."

"Bwana Maji?"

"Mabomba yale ni ya zamani. Yamepasuka kwa uchakavu. Ningejua orodha yangu itaenda huko nisingeitoa."

Mchimbaji alikuna shingo. "Tope tulikuta, hilo sikatai. Lakini tope liko kila mahali. Ukichimba chini ya ofisi hii utalikuta."

Mchoraji aliwatazama mmoja mmoja. Wote walisema kweli. Hilo ndilo lililomuuma. Hakuna aliyedanganya hata kidogo. Kila mmoja alichukua kipande chake, akakitia mfukoni, na mezani hakikubaki kitu isipokuwa mikono yake yeye.

"Kidole kimoja hakivunji chawa," alisema, akimgeukia Mkuu. "Mzee, ni wewe uliyetufundisha. Upepo unapinda miti, sawa. Kwa nini imepinda pale tu yalipopasuka mabomba? Bomba bovu linapasuka popote. Kwa nini yamepasuka pale tu lilipo tope?"

"Wewe ni mhandisi?" aliuliza mmoja wa wenye nyumba.

"Hapana."

"Una shahada?"

"Cheti cha uchoraji."

"Aa," alisema yule mtu, na chumba kizima kikapumua.

Mkuu alisukuma karatasi mbele yake. Ilikuwa imekwisha kuchapwa; wenye kuchapa walijua tangu asubuhi mkutano ungeishaje. Mchoro husika, ilisema, ni wa mazoezi ya ofisi wala hauonyeshi hali halisi ya eneo lolote. Chini, nafasi ya sahihi yake.

"Nikikataa?"

"Nitalazimika kukuandikia barua ya namna nyingine," alisema Mkuu. Hakumtazama. Alikuwa anatafuta miwani aliyokuwa ameivaa.

Mchoraji alifikiri kwa muda mfupi, na alichofikiri hakikuwa mlima. Kibanda cha kuchomelea cha mumewe kilikuwa kimekatiwa umeme wiki ya tatu. Kipusa alikuwa anasoma kwa mshahara wa penseli. Akasaini. Tajiri aliomba nakala, akapewa, akaikunja kwa uangalifu kama hati ya kiwanja.

*

Jumamosi asubuhi mashine ya kuchanganyia zege ilinguruma uani. Vibarua kumi walipanga foleni ya ndoo. Kipusa alikuja jikoni mbio.

"Bibi anasema upike ya watu kumi na wawili, na usiunguze."

Akapika. Aliwapikia watu waliokuja kuwekea mzigo paa la chumba anamolala mwanawe. Alikoroga sufuria huku mashine inanguruma, na kila walipomimina mfuko wa saruji alijikuta anahesabu uzito. Alihesabu mifuko miwili. Wa tatu ulipochanwa aliweka mwiko chini, akatoka na aproni yake, akaenda kukaa juu ya mifuko iliyobaki.

"Shemeji, inuka," alisema Tajiri.

"Siinuki."

"Watu wanalipwa kwa siku hapa."

"Waambie wapumzike. Juu ya tope hili hakuna zege litakalomwagwa mimi nikiwa hai."

Vibarua walisimama na ndoo zao. Majirani walikwisha kujaa ukutani. Vichwa tu, kama vyungu vimepangwa. Tajiri aliwaona, akatabasamu, akatoa karatasi mfukoni, akaisoma kwa sauti ya mtu anayehutubia. Mchoro ni wa mazoezi. Hauonyeshi hali halisi. "Na sahihi hii ya nani? Ya bibi yangu?"

Ukuta mzima ulicheka.

"Ni yangu," alisema mchoraji. "Nilisaini uongo."

"Kumbe! Ofisini unasema uongo, nyumbani unasema kweli?"

"Ndiyo."

Tajiri alimshika mkono akamvuta. Alivuta kwa nguvu. Mfuko mmoja uliporomoka, ukapasuka, saruji ikawapaka wote wawili uso mweupe. Mumewe, aliyekuwa juu ya ngazi akikaza nondo, alishuka. Hakukimbia. Alishuka ngazi moja moja, koleo mkononi.

"Kaka, mwachie mke wangu mkono."

"Hujui unachosema. Panda juu."

"Sijui udongo. Mwachie mkono."

Wakasimama hivyo, ndugu wawili waliokuwa hawajawahi kupandishiana sauti, na mashine ikiendelea kuzungusha zege lake bila aibu. Ndipo mama mkwe alipotokea mlangoni.

"Zimeni hicho kitu."

"Mama, rudi ndani, tutamaliza—"

"Nimesema zima!"

Kibarua mmoja alizima.

"Mlango wa chumba changu," alisema mama mkwe, "nimeupiga randa mara nne. Kila masika unagoma kufungwa, namwita fundi, ananyoa. Baba yenu alikuwa anaamka kabla yenu kuziba ufa. Anaziba, anapaka chokaa, mkiamka ukuta mweupe. Kila mwaka. Mnadhani kwa nini hakujenga juu? Pesa alikuwa nazo kuliko wewe na simu zako mbili."

Tajiri aliachia mkono. "Mama, ulijua?"

"Nilijua."

"Na umeniacha nikachukua kodi za watu?"

"Uliniuliza? Ulikuja na kokoto. Na ningesema nini? Anayesema ndiye anayehama. Nina miaka sitini na nane. Nihamie wapi?"

Hakuna kichwa kilichocheka ukutani. Kimoja kimoja vilishuka. Mchoraji alijifuta saruji machoni, na kabla hajajizuia, mdomo wake ukauliza swali la ofisini:

"Mama, huo ufa ulielekea wapi? Juu au pembeni?"

Mama mkwe alimgeukia, mara ya kwanza tangu Jumapili ile.

"Ndiyo unaniuliza leo? Miaka tisa umelala chumba cha pili. Umewauliza wa miti, umewauliza wa mabomba, umekwenda kupapasa masanduku ya watu waliokwisha kufa. Mimi niliye ndani ya ukuta hukuniuliza." Alijifunga khanga upya. "Na usifurahi. Sijakusamehe. Ulinivua nguo mbele ya watu wa mtaa."

*

Zege halikumwagwa. Lile lililokuwa ndani ya mashine liligandia humo humo, na mwenye mashine alimdai Tajiri mashine mpya. Baada ya wiki mbili walihamia vyumba viwili vya kupanga kule bondeni, mama mkwe na Kipusa chumba kimoja, wao kingine kilichokuwa pia jiko. Mama mkwe alibeba mlango wake. Aliung'oa kwenye bawaba, akautwisha mkokoteni, na haukupata pa kuwekwa. Ukaegemezwa ukutani, watu wakawa wanaupitia kwa ubavu.

Mchoraji aliamini mambo yamekwisha, mpaka siku alipoona nguo za watoto zimeanikwa kwenye ua wa nyumba ya kumi na nne. Tajiri alikuwa amepata njia ya kurudisha kodi za watu: alipangisha vyumba vya chini kwa bei ya kutupa. Mpangaji alikuwa mama muuza mitumba na binti zake wawili. Mchoraji alipanda mlima kwenda kumwona.

Alimkuta anapanga mashati kwa ukubwa. Akamweleza yote: tope, miti, mabomba, ufa chini ya chokaa. Yule mwanamke alisikiliza huku anakunja.

"Umekaa humu miaka mingapi?"

"Tisa."

"Na hukufa."

"Dada, mlima haufanyi—"

"Kule nilikotoka nilikuwa nalipa mara mbili, na choo tulichangia watu ishirini na wawili. Wewe umetoka kwa sababu una pa kwenda. Mwenye nyumba kaniambia utakuja. Kasema kuna shemeji yake ana kichaa cha ramani." Akafungua mlango. "Karibu tena, lakini si kwa maneno hayo."

Jumatatu yake mchoraji aliongeza mstari mmoja kwenye mchoro. Ulikuwa ufa wa mama mkwe, kama mama mkwe alivyouchora kwa kidole hewani, kwa hasira, kwa sababu Kipusa ndiye aliyetumwa kuuliza. Ufa ulipita palepale mdomo wa kijiko ulipopaswa kupita. Chini yake aliandika barua kwa mkono: sahihi yangu ya awali ilikuwa ya uongo, mchoro ni kazi yangu, nyumba kumi na tisa ziko hatarini kabla ya masika. Akaipeleka halmashauri, akasubiri mpaka ikapigwa muhuri. Mkuu alimwandikia ile barua ya namna nyingine kabla ya saa sita mchana. Mezani pake palikuwa na vitu vichache. Vilienea kwenye bahasha moja.

Halmashauri haikumjibu. Ilichokiogopa ni muhuri wake wenyewe, kwamba siku moja mtu angeuliza barua hii ilipokelewa lini. Mvua za kwanza zilipoanza walituma vijana wenye ndoo ya rangi nyekundu na askari kumi. Nyumba kumi na tisa zikapigwa alama, watu wakapewa siku tatu. Waliogoma walitolewa na virungu. Tajiri alikuja bondeni, akasimama katikati ya njia ili kila mtu asikie, akamwambia mdogo wake kuwa hana tena ndugu, na mkewe asikanyage hata kaburi la marehemu. Mumewe alisikiliza mpaka mwisho. Kisha akaingia ndani kuwasha moto.

Mlima ulishuka Jumanne, saa nne asubuhi, mvua ikiwa imekatika. Haukuanguka kwa kishindo kama watu wanavyodhani. Ulitembea. Ulichukua robo saa nzima, na watu walikuwa na muda wa kusimama barabarani kuutazama ukichukua nyumba kumi na sita na kuziacha tatu. Hakufa mtu. Jioni yake bombani ilisemwa kwamba ni mashine ya zege iliyoutikisa. Wengine walisema ni laana. Mlima, walidai, ulikuwa umetulia enzi na enzi mpaka mwanamke mmoja alipouchora. Bwana Miti alihojiwa redioni, akasema dalili zilikuwepo siku nyingi kwa mwenye jicho la kitaalamu.

Siku ya pili mchoraji alimkuta muuza mitumba kando ya barabara, amekalia furushi, binti zake wamelala juu ya mashati. Walikuwa wamelala hapo siku nane. Mchoraji alisimama mbele yake. Hakujua alitegemea kuambiwa nini.

"Godoro langu liko huko chini," alisema yule mwanamke. "Na marobota mawili. Askari walinipa muda wa kubeba watoto tu."

"Pole sana, dada."

"Uliniambia nyumba itaanguka. Ni kweli, imeanguka. Hukuniambia nitalala wapi."

Mchoraji aliinama kushika ncha ya furushi.

"Acha," alisema muuza mitumba. "Usiguse changu."

Mchoraji alirudi nyumbani akamsimulia mumewe. Mama mkwe, aliyekuwa chumba cha pili akijifanya amelala, alitoka na kandambili mkononi.

"Wako wapi hao watoto?"

"Mama, amekataa."

"Amekukataa wewe. Mimi hanijui." Akavaa kandambili, akaondoka huku anagomba peke yake njiani.

Walirudi watatu nyuma yake, furushi kichwani. Mama mkwe aliulaza mlango wake chini, akautandika mashati, ukawa kitanda. Muuza mitumba alikaa nao miezi mitano. Alipika, alifua, alicheka na mama mkwe mpaka mwenye nyumba akagonga ukuta. Mchoraji akiingia, alinyamaza; na siku aliyopata chumba chake alimuaga mama mkwe, akamuaga mume, akambusu Kipusa, akapita mlangoni alipokuwa amesimama mchoraji, kwa ubavu, bila kumgusa.